Santuri Kumi na Moja za Vurra

Kama unaishi Lobule, huenda unanijua kama "yule kijana wa disiki". Nina miaka 25 na nafanya kazi na vijana kwenye kituo chetu hapa kambini, wilaya ya Koboko. Asubuhi nafungua mlango, jioni nahesabu mipira na kuzima kompyuta. Mwaka jana watu walisikia kwamba nimetengeneza CD kutoka santuri za zamani, wakanipongeza sana. Pongezi zote nilizipokea. Lakini walichopongeza ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine nilikuwa nimeificha kwa sababu ya aibu, na wenzangu wa jarida waliponiomba niandike, nilijua moyoni kwamba ndiyo hiyo.

Tulivuka mpaka wa Vurra mwaka 2013, mimi nikiwa na miaka 13. Sababu ya kukimbia siielezi hapa, kila mtu kambini ana yake. Ninachokumbuka zaidi ni sanduku. Koko wangu, yaani bibi mzaa mama, aliacha sufuria mbili nzuri na cherehani ya marehemu babu, akabeba kichwani sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba. Pale kizuizini askari mmoja alilifungua, akachomoa kitu cheusi cha mviringo, akacheka.

"Mama, hii utapikia nini?"

Koko akamjibu, "Si yangu. Ni ya mtu wa huku."

Nilikasirika. Tuliingia Uganda bila sufuria, na sanduku la mtu tusiyemjua likapata nafasi kwenye lori. Tulipofika Lobule lilikaa chini ya kitanda cha Koko kwa miaka kumi. Hatukuwa na mashine ya kupiga santuri, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Huyo "mtu wa huku" ni nani? Hapa niwaeleze hasa ninyi wa mashirika, mliokuja juzi na fomu zenye safu mbili, moja ya wakimbizi na nyingine ya wenyeji. Serikali ya Idi Amin ilianguka Aprili 1979, na watu wa West Nile wakaanza kuogopa kisasi. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walitoka Sudan wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi lilipokuja kuwafukuza, raia ndio walioumia. Watu wakakimbia kwa maelfu kwenda Sudan na Zaire. Wakati huo wakimbizi walikuwa watu wa upande huu, na wenyeji tulikuwa sisi. Walugbara wako pande zote mbili za mpaka, lugha ni moja, kwa hiyo mtu alivuka akaenda kwa watu anaoelewana nao. Kwetu sisi ukimbizi ni kama zamu ya kuchota maji. Leo wewe, kesho mimi.

Basi, katika zamu ile ya 1980, mtu mmoja wa Vurra aliyekuwa na baa ndogo alifika kwenye uwanja wa babu yangu karibu na Aru, akiwa na mke, watoto wawili, mashine ya santuri na hilo sanduku. Mashine waliiuza mwaka wa kwanza, wakanunua chakula. Santuri hakuna aliyezitaka. Waliporudi Uganda, kama miaka mitano baadaye, njia ilikuwa bado haieleweki, wakasema sanduku libaki, tutalifuata. Hawakulifuata. Babu akafa, Koko akalitunza. Vita vya Ituri vikaja vikapita, lenyewe likiwa juu ya dari.

Mwaka 2023 Koko aliugua. Wiki ya mwisho aliniita mimi, hakuwaita wajomba. "Ile sanduku, irudishe Vurra. Imekaa sana."

Nikasema sawa, Koko. Kutoka Koboko hadi Vurra kuna barabara ya lami, ileile ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92 kutoka mpaka wa Congo hadi mpaka wa Sudan Kusini. Ningeweza kwenda na kurudi siku moja. Nilichukua miezi minane.

Nilichelewa kwa sababu nililifungua. Ndani kulikuwa na santuri 11 ndogo, zile za mzunguko wa 45, kila moja ndani ya mfuko wake wa karatasi. Mchwa walikuwa wameingia upande mmoja. Ukungu ulikuwa umepanda kama unga wa muhogo. Lebo chache zilisomeka: Franco na T.P. OK Jazz, Afrisa ya Tabu Ley, na nyingine za ASL, lebo ya Nairobi iliyokuwa ikitoa muziki wa Congo kwa soko la Afrika Mashariki. Moja lebo yake ilikuwa imeliwa kabisa. Nikajiambia: kumrudishia mtu takataka ni aibu, kwanza nitengeneze, nimpelekee na CD ya nyimbo zake. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu ya kweli ni kwamba nilitaka kusikia. Nilikuwa nimelala karibu na muziki ule miaka kumi bila kuusikia hata sekunde moja.

Nikaanza kusoma usiku, kwa bando langu mwenyewe. Kumbe kuna watu ambao hii ndiyo kazi yao. Kampuni ya Sterns ya London ilitoa CD mbilimbili za Tabu Ley mwaka 2007, na za Franco mwaka 2008 na 2009, zilizopangwa na mtu anayeitwa Ken Braun. Kule Frankfurt, Ujerumani, lebo ya Popular African Music ilitoa mwaka 1996 CD ya nyimbo za Ngoma, kampuni ya santuri iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1948 na mfanyabiashara Mgiriki, Nico Jeronimidis. Huko ndiko Wendo alikorekodi "Marie-Louise", wimbo ambao wazee wetu wakiusikia hadi leo wanasimama. Kwa upande wa pwani kuna mfululizo wa Zanzibara, ulioandaliwa na Werner Graebner na kutolewa na Buda Musique ya Ufaransa. Wa kwanza, mwaka 2005, ulikuwa wa Ikhwani Safaa ya Zanzibar, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905.

Nikasoma pia habari za Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na gari la kurekodia. Mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, alimkuta Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, akamrekodi. Miaka mingi baadaye Michael Baird wa SWP Records, Uholanzi, alizitoa rekodi nyingi za Tracey upya kwenye CD, na za Uganda za mwaka 1950 na 1952 zimo.

Lakini aliyenigusa zaidi ni Klaus Wachsmann. Alikuwa Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Hitler alipotawala aliondoka kwao, na mwaka 1937 akafika Uganda. Baadaye akawa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda, na kati ya 1949 na 1954 akazunguka nchi akirekodi muziki, rekodi zaidi ya 1,500. Zilihifadhiwa Uingereza, na baada ya miaka mingi nakala zikarudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Nilipenda hilo. Mtu aliyefukuzwa kwao ndiye aliyetunza sauti za wenyeji wake, na sauti zikarudi nyumbani. Nikajiona na mimi ni kama yeye. Ndugu zangu, kiburi kilianzia hapo.

Nilikuwa nikisoma sehemu za sabuni na sindano. CD hizo karibu zote huja na kijitabu, na humo watu wameandika nani aliimba, nani alipiga gitaa, wapi, mwaka gani, santuri namba ngapi. Sehemu hizo nilikuwa naziruka. Nilidhani ni mapambo ya wasomi.

Kazi yenyewe tulifanya watu wanne kituoni, mimi na vijana watatu. Mmoja ni msichana wa Sudan Kusini mwenye masikio makali kuliko sisi wote. Tuliosha kila santuri kwa maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kikifuata mistari ya santuri, bila kuikata. Lebo tuliifunika na kifuniko cha kopo ili isilowe. Kusuuza tulitumia maji ya mvua, maana maji ya kisima chetu yakikauka yanaacha chumvi nyeupe. Zetu zilikuwa za vinili. Kama una zile nzito za kale, za mzunguko wa 78, usiziguse na spiriti: nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti inaiyeyusha.

Tatu zilikuwa zimepinda kwa joto. Unaziweka katikati ya vioo viwili vya dirisha, unaanika juani dakika chache, halafu kivulini mpaka zipoe zikiwa bado zimebanwa. Ya kwanza niliisahau juani nikienda kuamua ugomvi wa mpira. Nilipoirudia ilikuwa bakuli. Kwa hiyo kati ya 11 zilibaki kumi.

Mashine ya kupigia tuliazima kwa fundi wa redio sokoni Arua. Alitupa na sindano mpya, akatuonya kwamba sindano iliyochakaa inalima santuri kama jembe. Mara ya kwanza tuliunganisha mashine moja kwa moja kwenye kompyuta, sauti ikatoka nyembamba kama mbu. Tukampigia simu. Akacheka, akasema santuri hukatwa kiwandani besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, ili mistari ikae vizuri. Ni amplifaya ya santuri inayorudisha kila kitu mahali pake. Akatuazima na hiyo.

Siku tulipoiunganisha na gitaa la kwanza likatoka, hakuna aliyesema kitu. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo aliitua mlangoni, akabaki amesimama mpaka upande ule ukaisha. Akauliza, "Mmeitoa wapi hii?" Nikasema ni ya mtu.

Baadaye ni kazi ya kompyuta. Tulitumia Audacity, programu ya bure. CD inachukua vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde, kwa hiyo kila mkwaruzo unauona kwenye kioo kama mwiba. Unaukuza, unautengeneza, unaenda kwa mwingine. Upande mmoja wa dakika nne ulituchukua jioni tatu. Kuna na njia ya haraka: unaionyesha programu mvumo wa santuri kabla wimbo haujaanza, kisha unaiambia iondoe mvumo huo kote. Mi nikavuta kipimo hadi mwisho. Mvumo ukaisha kweli, lakini mwimbaji akawa kama mtu anayeimba ndani ya pipa la maji. Yule msichana akasema, "Umeosha mpaka ngozi." Tukarudi mwanzo. Mvumo kidogo tukauacha.

Halafu kuna jambo la pande mbili. Nyimbo nyingi za Congo za miaka ile zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa santuri, kwa hiyo zilikatwa: upande A maneno, sauti inafifia, unageuza, upande B ndiyo sebene. Kwenye CD wengi huziunganisha. Tulibishana sana. Mwishowe tukaunganisha, na tukajifunza kwamba kuunganisha si kazi ndogo, maana upande B wakati mwingine unatoka kwa kasi tofauti kidogo na gitaa linakuwa juu ya lile la upande A. Jumla tulipata dakika 76. CD moja hubeba 80.

Kompyuta za siku hizi hazina mahali pa CD. Tulienda Arua kwenye studio moja ya video za harusi, tukachoma CD nne. Mwenye studio alisikiliza, akaniambia, "Kaka, tuziweke kwenye memori kadi, tutauza." Nilikataa. Nilimwambia nyimbo zina wenyewe, na waliopiga au familia zao hawatapata hata senti. Zaidi ya hapo santuri zenyewe ni amana. Akasema sawa. Mwezi mmoja baadaye nikiwa kwenye teksi ya Koboko nikasikia wimbo wa nne, na nikajua ni wetu kwa sababu ya mkwaruzo mmoja kabla ya sebene ambao tulishindwa kuutoa. Dereva alikuwa akiimba. Sikujua nikasirike au nifurahi.

Sasa nifike kwenye aibu.

Ile mifuko ya karatasi. Ilikuwa imelowa miaka mingi iliyopita ikakauka, ikashikana, imeliwa, inanuka. Ukungu wake ulikuwa ukirudi kwenye santuri tulizokwisha kuosha. Niliona maandishi ya kalamu kwenye baadhi, wino umefifia, mistari imepanda juu ya mistari. Sikuyasoma. Nilidhani ni hesabu za baa. Jumamosi moja nikaikusanya yote, nikaipeleka kwenye shimo la takataka nyuma ya kituo, nikaichoma pamoja na majani. Nikanunua bahasha nyeupe mpya 11, hata ile iliyoharibika nikaipa yake. Zilipendeza sana.

Nilienda Vurra mwezi wa nane baada ya kumzika Koko. Pale senta, malori yakisubiri kuingia Congo, niliuliza kwa mwanamke anayeuza chapati kama anamjua mzee aliyekuwa na baa kabla ya vita vya Amin. Akaniuliza, "Ile ya muziki?" Miaka zaidi ya arobaini, na bado baa ile ina jina. Mtu wa bodaboda alinifikisha.

Mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe na redio ndogo. Nilimpigia magoti kama tulivyofundishwa. Akaniangalia.

"Wewe mtoto ya nani?"

Nikamtajia babu yangu wa Aru. Alinyamaza. Kisha akamwita binti yake, mama wa miaka kama 40, akamwambia kwa Kilugbara alete kiti na chai. Akanishika mkono asiuachie. Nilipomwambia Koko amefariki, alishusha kofia.

Nikafungua sanduku. Alizitoa moja moja. Ile isiyo na lebo aliigeuza kwenye mwanga, akasoma namba iliyochorwa karibu na tundu, akasema, "Hii ni Veve. Hii watu walivunja meza yangu." Tukacheka. Nikamweleza jinsi tulivyoosha, sindano, kompyuta. Nikamwomba msamaha kwa ile iliyopinda. Akasema hiyo si kitu, hata yeye aliwahi kukalia moja. Binti yake akatoa simu, tukapiga nyimbo zilezile kutoka kwenye fleshi niliyokuwa nayo kwa spika ndogo. Mzee alikuwa akitikisa kidole tu. Nilijiona mtu mzuri sana.

Kisha akauliza, "Na karatasi?"

"Karatasi gani, babu?"

"Zilikuwa na nguo yake. Mke wangu aliandika."

Sikuelewa haraka. Binti ndiye aliyenieleza, polepole, kama mtu anayejizuia. Walipokuwa ukimbizini kwetu hapakuwa na karatasi. Mama yao alikuwa amesoma kidogo, alipenda kuandika. Aliandika kwenye mifuko ya santuri, kwa sababu mashine ilikuwa imeshauzwa na santuri hazikuwa na kazi nyingine. Aliandika nani aliwapa nini siku walipofika. Aliandika bei ya chumvi. Na aliandika kuhusu mtoto wa kiume aliyezaliwa hukohuko, siku aliyozaliwa, na siku aliyokufa, miezi saba baadaye. Mama yao alifariki mwaka 1998. Mpaka siku za mwisho alikuwa akisema tarehe ziko kwenye sanduku kule Aru, siku moja mtu atalileta.

"Ziko wapi?" akauliza.

Ningeweza kusema mchwa. Mchwa walikuwepo kweli, na hakuna ambaye angejua. Neno lilifika mdomoni. Lakini mzee alikuwa bado ameshika mkono wangu.

Nikasema, "Nilizichoma, mama. Zilikuwa na ukungu. Sikusoma."

Aliinuka akaingia ndani. Hakutoka tena mpaka nilipoondoka. Mzee alikaa kimya muda mrefu, redio ikivuma. Mwishowe akasema, "Mi yule mtoto nilimzika mwenyewe kwa mkono yangu. Mi sihitaji karatasi. Karatasi ilikuwa ya hawa, ambao hawakumwona." Hakunitukana. Hakuniambia pia kwamba si neno. Nilirudi Koboko usiku, bodaboda hadi Arua, halafu teksi, na sikuweza kusikiliza muziki wowote.

Kwa wiki kadhaa sikufungua zile kompyuta. Nilirudia kusoma zile sehemu nilizoziruka, na nikaona nilivyokuwa mjinga. Sauti peke yake ni nusu. Anayetoa santuri upya anaanza na karatasi: anapiga picha lebo, mfuko, namba, mwandiko wowote, hata wa mtu aliyeandika jina lake ili disiki isiibiwe kwenye sherehe. Hata Wachsmann, ambaye nilijifananisha naye, hakukusanya sauti tupu. Mashine inaweza kukurudishia gitaa. Haiwezi kukuambia nani alikuwa amekaa karibu nalo.

Kisha yule msichana wa Sudan Kusini akaniletea simu yake. Siku ya kwanza tulipofungua sanduku alikuwa amepiga picha moja ya santuri ya OK Jazz, aiweke kwenye status. Mfuko wa karatasi uko nyuma yake, nusu. Tuliikuza mpaka ikawa punje. Kuna mistari minne inayosomeka: mihogo vikapu viwili, blanketi moja, chumvi, na mbele ya kila kimoja jina. Jina la tatu ni la babu yangu. Ndiye aliyetoa chumvi. Tarehe za mtoto hazimo.

Nikampigia mama yangu. Mwaka ule wa 1980 alikuwa na miaka saba. Nilimuuliza kama anakumbuka wageni wa Vurra, na mtoto. Akasema, "Nilikuwa nambeba mgongoni." Akanitajia jina lake bila kufikiri. Majina ya Kilugbara mara nyingi yanaeleza hali ya wazazi siku mtoto alipozaliwa, na jina lile lilikuwa hivyo hasa. Ukilisikia unajua wazazi wake walikuwa njiani. Akasema alikufa wakati wa kuvuna maharage, mvua ikinyesha, na akanieleza kaburi liko wapi: nyuma ya nyumba ya babu, hatua chache kutoka kwenye mti wa mparachichi, ambao bado upo, mjomba anaufahamu.

Tulichapa karatasi mpya za zile CD nne. Ukurasa wa mbele una majina ya bendi na nyimbo, zile tulizozijua, kwa mpangilio. Ukurasa wa ndani una ile picha yenye mistari minne. Chini yake tuliandika jina la mtoto, jina la mama yake na la baba yake, na maneno "alizaliwa na kuzikwa karibu na Aru, wakati wa kuvuna maharage". Mwaka hatukuandika. Jina silitaji hapa, liko kule.

Nilipozipeleka Vurra, yule binti ndiye aliyefungua mlango. Alisoma amesimama. Hawana mashine ya CD, mtu gani anayo siku hizi. Muziki wenyewe wanausikiliza kwenye memori kadi kama watu wote. Lakini alichukua CD mbili. Akaniuliza namba ya simu ya mjomba wangu wa Aru. Mzee kutoka ndani akauliza ni nani, akasema, "Mwambie aingie, chai iko."

Nakala ya tatu iko kituoni, ya nne anayo mama yangu. Mwezi ujao, njia ikiwa salama, yule binti atavuka Vurra kwenda kuona mahali pale. Mama yangu bado haruhusiwi na afya yake kusafiri, kwa hiyo ameniagiza mimi nimsindikize hadi kizuizini na kumkabidhi kwa mjomba. Nimekubali.

Na kituoni tumeweka sheria ndogo, imeandikwa ukutani juu ya kompyuta. Ukituletea santuri, kaseti, redio ya zamani, picha, chochote cha kutengenezwa, tunapiga picha kwanza kila karatasi iliyokuja nacho, mbele na nyuma, na tunakuuliza nani aliiandika. Kuosha ni baadaye.